Soma Maji Kwanza, Ndipo Uingie Makumbusho

Anayefunga safari ya kwenda Normandy, kaskazini mwa Ufaransa, kuona mahali majeshi ya Washirika yalipotua tarehe 6 Juni 1944, kwa kawaida huandaliwa ratiba ya mbio. Fuo ni tano, nazo zingali zinajulikana kwa majina ya siri waliyozipa wanajeshi: Utah, Omaha, Gold, Juno na Sword. Zimetandaa kando ya bahari kwa kilomita 80 hivi, na karibu kila kijiji kina makumbusho yake, kifaru chake kando ya barabara na duka lake la vikumbusho. Basi huondoka asubuhi, husimama mara sita, na jioni msafiri hurudi hotelini akiwa na picha mia mbili na uchovu. Makala haya yanashauri kinyume chake. Chagua ufuo mmoja. Fika maji yakiwa yamekupwa, utembee mchangani kabla hujakata tiketi. Ingia makumbusho baadaye, kisha fuata njia ya bara waliyoifuata askari, na umalizie makaburini. Mpangilio huo una hoja yake: makumbusho hutoa majibu, na majibu hayamfai mtu ambaye hajapata swali. Swali liko nje, majini.

Makumbusho mengi hujengwa kwa vitu vilivyokusanywa kutoka mbali. Kinyago cha Wamakonde kilicho katika kabati la kioo mjini Berlin kingeweza kuwa mjini Paris, na mtazamaji asingepoteza kitu zaidi ya alichokwisha kupoteza kinyago kilipoondolewa kwao. Makumbusho ya mahali pa kutua majeshi hayako hivyo. Chombo chake kikubwa kuliko vyote hakikuingia ndani na hakiwezi kuingia, nacho ni upana wa mchanga, mwinuko wa nchi nyuma yake na mwendo wa maji mbele yake. Mfano mzuri ni makumbusho ya Utah, katika kijiji cha Sainte-Marie-du-Mont. Jengo lake limezunguka handaki la zege la Wajerumani, palepale Wamarekani walipokanyaga nchi kavu. Ila pale sipo walipokusudia kukanyaga. Mkondo wa maji ulizisukuma mashua karibu kilomita 2 kusini mwa shabaha, huku moshi umeziba macho na baadhi ya mashua za kuongoza njia zimekwisha kuzamishwa. Brigedia Jenerali Theodore Roosevelt wa pili, mtoto wa rais wa zamani wa Marekani, mzee wa miaka 56 mwenye baridi yabisi na mkongojo mkononi, alilitazama eneo, akabaini kwamba wamekosea, akaamua vita vianzie hapo hapo walipo. Upande ule ulikuwa na ulinzi hafifu kuliko ule uliochaguliwa kwenye ramani. Kwa hiyo makumbusho yako yaliko kwa sababu ya mkondo. Mgeni asiyeyajua maji ya mahali pale ameingia katika jengo bila kujua kwa nini liko hapo.

Katika somo hili msomaji wa pwani yetu ana mtaji ambao watalii wengi hawana. Mvuvi wa Pangani au Lamu hahitaji kufundishwa maana ya bamvua. Anajua kwamba mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji hujaa kupita kiasi na kukupwa kupita kiasi, na kwamba katikati ya nyakati hizo huja maji mafu. Kwetu tofauti kati ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua ni karibu mita 4. Huko Normandy inaweza kufika mita 7 au kuzidi, na kwa kuwa ufuo wa Utah ni bapa, bahari hurudi nyuma mamia ya mita. Jemadari mkuu wa Kijerumani Erwin Rommel alitarajia adui aje maji yakiwa yamejaa, ili askari wasilazimike kukimbia mbali mahali peupe, hivyo akajaza ufukweni magogo na vyuma vilivyopishanishwa, vingine vikiwa na mabomu kwenye ncha, ili mashua zivipande bila kuviona. Washirika wakachagua kinyume: waje maji yakiwa chini na yakianza kujaa, vizuizi vyote vikionekana, wahandisi wa kijeshi wapate nafasi ya kuvilipua, na mashua zikikwama ziinuliwe na maji yanayopanda. Juu ya hilo askari wa miamvuli walihitaji mwanga wa mwezi usiku. Mwezi mpevu na maji kupwa alfajiri havikutani kila siku. Mwanzoni mwa Juni zilipatikana siku tatu tu, tarehe 5, 6 na 7, na ya kwanza ikaharibiwa na dhoruba. Tarehe ambayo watoto wa shule huikariri duniani kote iliamuliwa na bamvua.

Kutokana na hilo unapata ushauri wa kwanza wa vitendo, nao hauna gharama. Kabla ya kununua tiketi ya treni, tazama kalenda ya mwezi na jedwali la maji la pwani ile. Mahali pamoja, bamvua huleta maji kupwa karibu saa zilezile kila mara. Ukichagua siku iliyo karibu na mwezi mpevu au mwezi mwandamo, utakuta maji yamefika mwisho wa kupwa mapema asubuhi, kama yalivyokuwa siku ile, maana Wamarekani walianza kushuka saa 12:30 asubuhi, kama saa moja baada ya maji kufika chini kabisa. Waingereza na Wakanada waliokuwa mashariki zaidi walisubiri hadi baada ya saa 1:20, kwa kuwa katika mlango-bahari ule maji hujaa yakitokea magharibi. Amka na kiza basi. Nenda ufukweni kabla makumbusho hayajafunguliwa, wakati hakuna basi wala mwongozaji. Tembea kuelekea baharini maji yakiwa bado yanatoka, simama mbali nayo kidogo, kisha geuka uitazame nchi kavu. Hapo ndipo mahali pa kuanzia ziara.

Ukigeuka, hesabu. Hesabu hatua hadi kwenye matuta ya mchanga yanayoficha handaki. Angalia kama njiani kuna jiwe, shimo au kichaka kinachoweza kumsitiri mtu, hakuna. Fikiria mtu aliyetapika usiku kucha katika mashua, nguo zimelowa, mgongoni ana mzigo mzito, mbele yake kuna mtu mwenye bunduki rashasha aliyelala nyuma ya zege. Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Kwenye ramani ya majenerali upana huu ni alama ya kalamu. Kwa mwenye miguu ni nchi nzima ya kuvuka. Usiharakishe kurudi juu. Ngoja kidogo uone maji yanavyoanza kugeuka, ila usisubiri yakuzunguke, kwa sababu kwenye ufuo bapa maji hupanda kasi kuliko mgeni anavyodhani. Kule Omaha, ambako askari waliojeruhiwa hawakuweza kutambaa, maji haya haya yaliyopangwa kuinua mashua yaliwafikia wengine na kuwazamisha. Mtu aliyeona mstari wa maji ukimfuata nyayo hahitaji maelezo marefu juu ya jambo hilo.

Kuna atakayepinga kwamba mchanga hausemi, na pingamizi lake lina nguvu. Leo Utah ni ufuo mtulivu. Watu hukimbiza farasi na kulea chaza karibu nao. Mtu anaweza kusimama pale kutwa asijue kwamba pamewahi kutokea jambo. Tena mchanga unaweza kudanganya. Hasara ya divisheni iliyotua Utah siku ile haikufika watu 200, idadi ndogo ukilinganisha na zaidi ya 20,000 waliofika nchi kavu hapo kabla jua halijatua. Mwenye kuangalia ufuo peke yake angehitimisha kwamba kazi ilikuwa nyepesi. Hajui kwamba mnamo Aprili 28 mwaka huohuo, katika mazoezi ya kutua Utah yaliyofanyika kwenye pwani ya Uingereza, boti za Kijerumani ziliuvamia msafara wa meli na kuua Wamarekani zaidi ya 700, na habari ikafichwa. Watu wengi zaidi walikufa wakijifunza kazi hii kuliko waliokufa wakiifanya ufukweni. Jambo hilo halipo mchangani. Liko katika maandishi, picha na vitu, yaani makumbusho. Basi pingamizi hili haliuvunji mpangilio wetu, linauthibitisha: mchanga huuliza na hauwezi kujibu. Anayeanza kwa majibu huyapokea kama orodha ya tarehe. Anayeingia na swali, kwamba hawa waliuvukaje uwanja ule, hupita kila chumba akitafuta kitu fulani.

Ndani, usijaribu kusoma kila kibao. Macho huchoka baada ya saa moja, na kinachobaki ni ukungu wa sare na bunduki. Chagua vitu vichache vinavyojibu swali lako, uvikalie. Utah ipo ndege ya kudondosha mabomu aina ya B-26 Marauder, mojawapo ya chache mno zilizobaki duniani. Wengi huipiga picha kwa ukubwa wake na kupita. Wewe umetoka nje, umeona mbingu ya Normandy na mawingu yake ya chini, kwa hiyo uliza iliruka vipi. Ndege za aina hiyo zilishuka chini ya mawingu na kuufuata ufuo kwa urefu wake, hivyo mabomu mengi yakaangukia ngome zilizolengwa. Kule Omaha kazi hiyo walipewa marubani wa ndege nzito zaidi waliotoka upande wa bahari juu ya mawingu wakitegemea rada, na kwa hofu ya kuwapiga wenzao majini, walichelewesha kuachia kwa sekunde kadhaa. Mabomu yakaanguka mashambani, kilomita kadhaa ndani ya nchi, na ngome zikabaki nzima. Fanya vivyo hivyo kwa vifaru vya kuelea, vilivyovikwa turubai ili viogelee. Utah viliachiliwa karibu na pwani, katika maji yaliyotulia kidogo, na 28 kati ya 32 vikafika. Omaha, batalioni moja iliachilia 29 mbali na nchi kavu katika mawimbi makubwa, 27 vikazama. Mwezi ulikuwa mmoja, jeshi moja, mpango ulikuwa unafanana. Kilichotofautiana ni bahari, mawingu na umbali, mambo ambayo umekwisha kuyaona kwa macho yako.

Jambo la pili la kufanya ndani ni kuuliza nani anasema. Kila makumbusho ya vita yana msemaji wake, hata kama maandishi ya ukutani hayana sahihi. Yale ya Utah yalianzishwa mwaka 1962 na meya wa kijiji, Michel de Vallavieille. Asubuhi ya Juni 6 huyu alikuwa kijana shambani kwao, akapigwa risasi kwa makosa na askari wa miamvuli wa Kimarekani, wakamtibu wao wenyewe, akapona. Aliyepigwa risasi na waokoaji wake ndiye aliyewajengea nyumba ya kumbukumbu. Habari hiyo inakueleza mengi: sauti ya makumbusho yale ni ya shukrani, na shukrani ina mambo inayoyasema kwa sauti ndogo. Raia wapatao 20,000 wa Normandy waliuawa kiangazi kile, wengi wao kwa mabomu ya Washirika, na miji kama Saint-Lô ikabaki vifusi. Anayetaka kusikia upande huo aende Falaise, ambako makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 2016 yamewekwa mahususi kwa ajili ya raia vitani. Vilevile tafuta baluni ndogo zinazoelea katika picha za ufukweni baada ya kutua. Zilizuia ndege za adui kuruka chini, na waliozirusha Utah na Omaha walikuwa Wamarekani weusi wa Batalioni ya 320, wakitumikia jeshi lililowatenga na wenzao weupe. Filamu nyingi za siku ile hazina sura zao.

Hapa hujitokeza pingamizi la pili, la watu wenye dhamiri: je, makumbusho haya hayasifii vita? Mtoto akitoka na kifaru cha plastiki mkononi, amejifunza nini? Hatari hiyo ni ya kweli, na duka la mlangoni halisaidii. Lakini dawa yake haiwezi kuwa kukaa mbali, kwa sababu asiyefika hubaki na vita vya sinema, ambavyo vinasifia zaidi. Dawa ni kwenda zaidi ya jengo. Kwa hiyo baada ya makumbusho usirudi hotelini, ingia bara. Nyuma ya matuta ya Utah nchi ni ya chini na ya kinamasi, nao Wajerumani waliifurisha maji makusudi. Njia za kutoka ufukweni zilikuwa chache, barabara nyembamba zilizoinuka katikati ya maji, na bunduki moja mwisho wa barabara ingetosha kuwazuia maelfu. Ndiyo sababu askari wa miamvuli wa divisheni mbili waliangushwa usiku, ili washike ncha za barabara hizo na mji mdogo wa Sainte-Mère-Église. Wengi walitawanyika mbali na shabaha, wengine wakazama katika maji ambayo hayakuzidi kimo cha mtu, wakivutwa na mizigo yao. Hasara yao siku ile ilizidi ya ufukweni mara nyingi. Ukiendesha gari au baiskeli katika barabara hiyo ukaona mifereji pembeni, utaelewa kwamba utulivu wa ufuo ulilipiwa hapa. Vita havionekani vizuri mahali palipopatikana ushindi. Huonekana palipolipiwa gharama.

Malipo hayo yana hesabu, nayo iko makaburini. Makaburi ya Wamarekani ya Colleville-sur-Mer, juu ya Omaha, yako kama kilomita 50 kutoka Utah, na hakuna kiingilio. Kuna zaidi ya makaburi 9,380, mistari iliyonyooka ya marumaru nyeupe, na ukuta wenye majina 1,557 ya wasiopatikana. Roosevelt mwenye mkongojo yuko hapo. Moyo wake ulisimama Julai 12, wiki tano baada ya kutua, na pembeni yake amelazwa ndugu yake aliyeuawa katika vita vya kwanza. Wapo pia wanawake 3 wa kikosi cha posta cha Wamarekani weusi, waliofariki katika ajali ya gari Julai 1945. Lakini usiishie hapo. Njiani ukirudi utapita La Cambe, walikolala Wajerumani zaidi ya 21,000, chini ya mawe meusi yaliyolala ardhini. Soma umri wao. Utakuta wa miaka 17 na 18. Makaburi yote mawili hufungwa mapema jioni, kwa hiyo panga muda wako usifike getini ukaambiwa kesho. Anayesimama La Cambe baada ya Colleville hapotezi uwezo wa kutofautisha haki na batili. Sababu ya Hitler kupigana ilikuwa batili, na makaburi hayaibadilishi. Anachopoteza ni ile furaha nyepesi ya kifaru cha plastiki.

Pingamizi la tatu ni la mfuko. Mtu aliyehangaikia viza ya Schengen, akalipa nauli ya ndege kutoka Dar es Salaam au Nairobi, au aliyejinyima likizo nzima huko Oslo au Leicester, ataona ni israfu kutumia siku nzima kwa ufuo mmoja. Lakini hebu tupige hesabu. Treni kutoka Paris kwenda Carentan au Bayeux huchukua saa mbili hivi au zaidi kidogo, na hakuna reli inayofika fuo zenyewe. Kutoka Carentan hadi Utah zimebaki kilomita zisizozidi 20 za gari au baiskeli. Anayezunguka fuo zote tano kwa siku anatumia sehemu kubwa ya siku hiyo kwenye kiti, na kila makumbusho yanamtoza kiingilio kipya ili kumweleza habari ileile ya jumla: askari 156,000, meli maelfu, jenerali huyu na yule. Mtaka yote hukosa yote. Mwenye siku moja achague Utah, kwa kuwa maji, handaki na barabara za kinamasi viko pamoja. Mwenye siku mbili aongeze Omaha, apate ulinganisho. Mwenye tatu aende Arromanches, ambako mabaki ya bandari ya kuundwa iliyokokotwa kutoka Uingereza yangali yanaonekana baharini. Nyingine zisubiri. Hakuna aliyepungukiwa kwa kutoona bunduki ya kumi na mbili.

Liko pingamizi la nne, linalosemwa kwa sauti ya chini: vita hivyo ni vyao, vinatuhusu nini? Jibu jepesi ni kwamba Waafrika walipigana katika vita hivyo, na ni kweli. Majeshi yaliyotua kusini mwa Ufaransa, Provence, Agosti 15 mwaka huohuo yalifuatwa na jeshi la Kifaransa lenye maelfu ya watu wa Afrika Kaskazini na Magharibi, na makumbusho yake yako mlimani Faron, juu ya mji wa Toulon. Askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, kutoka Kenya, Tanganyika na Nyasaland waliingia Madagaska kupitia Majunga mwaka 1942, baadaye wakapelekwa Burma. Lakini jibu zito zaidi ni kwamba ustadi wa kusoma ufuo haufungwi na taifa. Novemba 1914, katika Vita vya Kwanza, Waingereza walileta Tanga askari wapatao 8,000 kutoka India, wakawashusha karibu na Ras Kasone wakiwa wamechoshwa na safari, hawaijui nchi, huku mji umekwisha kupata taarifa mapema. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Kijerumani mwenye askari kama 1,000, wengi wao Waafrika, alipata muda wa kuwaleta kwa reli kutoka Moshi. Washambuliaji walipotea katika vichaka na mashamba, nyuki wakaongeza vurugu, na tarehe 5 wakarudi melini wakiacha bunduki na risasi nyingi. Anayejua kuuliza maji yalikuwa wapi, njia za kutoka ufukweni zilikuwa ngapi na nani aliwahi mwisho wa barabara, atayaelewa ya Tanga kama ya Utah.

Tofauti ni kwamba Tanga utafika hatua ya kwanza na huenda ukakwama. Ras Kasone ipo, maji hupwa na kujaa, makaburi ya vita yapo mjini, lakini hakuna jengo kubwa ufukweni la kukujibu. Na wako ambao hata kaburi hawana. Wapagazi waliobeba vita vile mabegani, hata jina la jeshi lao likatuachia Kariakoo, walizikwa njiani bila kuandikwa. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, waliokufa katika Vita vya Kwanza hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri. Mtu aliyetoka Colleville, ambako hata aliyepotea baharini jina lake limechongwa ukutani, huisoma ripoti hiyo kwa macho mengine. Hii ni faida ya safari ya Normandy ambayo mwongozaji hawezi kuitaja: inakupa kipimo. Unajua sasa kumbukumbu kamili inafananaje, kwa hiyo unaweza kusema hasa nini kimepungua kwenu.

Yamebaki madogo ya njiani. Epuka wiki ya Juni 6, hasa miaka ya maadhimisho makubwa, maana barabara hufungwa na vyumba hujaa mapema. Mei au Septemba inatosha. Beba koti la kuzuia upepo hata kiangazi, na viatu visivyoogopa tope. Usichimbe mchanga wala usiokote chuma chochote; mabomu ya wakati ule bado hufukuliwa Ufaransa, na kutafuta masalia kwa mashine ya kunusa vyuma bila kibali ni kosa la kisheria. Maelezo ya ukutani ni ya Kifaransa na Kiingereza, hivyo kama unasafiri na mzazi asiyesoma lugha hizo, soma nyumbani kwanza umsimulie mkiwa mchangani; mzee wa pwani atakuzidi kuyaelewa maji. Watoto wape kazi moja tu, kuhesabu hatua kutoka majini hadi matutani, kisha ndani wawatafute waliozivuka. Makaburini msiketi juu ya mawe, na picha ya kujipiga mkitabasamu muiache.

Na ukirudi nyumbani, irudie ziara hiyo pale ambapo viza haihitajiki. Tazama kalenda ya mwezi, ngoja bamvua, mchukue mtoto hadi Ras Kasone maji yakiwa yametoka. Mgeuze uso kuelekea mji, ahesabu hatua. Atakapokuuliza waliuvukaje uwanja ule, kina nani walibeba mizigo na majina yao yako wapi, hapatakuwa na jengo la kumpeleka. Itabidi umjibu wewe, na pale usipokuwa na jibu, utakuwa umejua kazi iliyobaki ni ya nani.